Nyumba ya Mlimani Ni ya Kiangazi Kimoja: Ushauri kwa Wanandoa Wanaojenga Uluguru

Masika ikikatika, pita barabara ya Bigwa kwenda Matombo na Kisaki, au panda Mgeta kutokea Sangasanga. Kando ya njia utayaona maboma: kuta za tofali za kuchoma zilizofika usawa wa lenta, hazina paa, na ndani majani yameota hadi dirishani. Kona zimelika. Tofali za juu zimeporomoka moja moja. Nyuma ya kila boma kuna mtu na mkewe waliouza ndizi, njegere au karafuu kwa miaka, wakaitia akiba yao yote ukutani, mvua ikaja kuichukua. Inauma kuona.

Mara nyingi watu hao hawakuwa wavivu wala hawakukosa fundi. Walichora nyumba kubwa kuliko kiangazi chao. Uluguru si mahali pa kuacha ukuta wazi usubiri mauzo ya msimu ujao. Upande wa mashariki, kuanzia Kinole hadi Matombo na Tawa, mvua hazisubiri masika na vuli. Hunyesha karibu kila mwezi. Upande wa magharibi, Mgeta, kiangazi kipo cha kueleweka, lakini miteremko ni mikali na njia ni nyembamba. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanandoa wanaotaka kujenga wenyewe huku milimani ni mmoja: jengeni nyumba ambayo nyinyi wawili mnaweza kuisimamisha na kuiezeka ndani ya kiangazi kimoja, kisha iongezeni mwaka hadi mwaka. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatoka hapo.

Karatasi kabla ya koleo

Uluguruni ardhi hufuata ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ana kauli nzito kuliko baba. Mume akienda kuishi kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe na kupandisha hapo nyumba ya tofali na bati, anajenga juu ya ardhi ya watu wengine. Mke naye akihamia kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe, siku mume akifariki wapwa wanaweza kuja kudai chao. Zamani jambo hili halikuwa na uchungu mkubwa. Nyumba ya miti na udongo, ile ya mbavu za mbwa, ilikandikwa kwa ujima, na mtu aliyeondoka aliweza kujenga nyingine kwingine. Nyumba ya leo imebeba akiba ya maisha, na haihamishiki.

Kaeni basi na wazee wa pande zote mbili kabla hamjachimba shimo hata moja. Mjomba awepo. Semeni wazi: nyumba hii ni ya nani, na mmoja wetu akifa au tukiachana itakuwaje? Kuna watakaosema mnajitabiria mabaya. Vumilieni, ulizeni. Mkikubaliana, yaandikwe na yashuhudiwe na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Kisha ombeni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hati hiyo iwe na majina yote mawili. Sheria hiyo, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mkiwa mnanunua, mauziano yapitie Halmashauri ya Kijiji. Karatasi ya mkono kati ya muuzaji na mnunuzi peke yao ni mlango wa kesi. Na kama kiwanja kiko ndani ya Manispaa ya Morogoro, kama vile Bigwa au Kilakala, mtahitaji pia kibali cha ujenzi.

Angalieni na mipaka miwili isiyojadiliwa. Wa kwanza ni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Kama shamba lenu linapakana na msitu, waombeni maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) wawaonyeshe bikoni kabla ya kusafisha kiwanja. Wa pili ni wa mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Vijito hivi vya Uluguru ndivyo vinavyoulisha mto Ruvu unaonywewa na Dar es Salaam, na vilevile ndivyo vinavyofurika usiku watu wakiwa wamelala. Mita 60 zinawalinda wa chini, nanyi zinawalinda.

Usomeni mlima

Mwezi Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilishuka Mgeta ndani ya saa chache, na miteremko ikachanika kwa mamia ya maporomoko. Watafiti waliokwenda kuyachunguza walikuta kwamba karibu yote yalitokea mashambani na kwenye nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Mizizi mirefu ilikuwa imeushika udongo. Desemba 2023 Watanzania wote waliona yaliyotokea Katesh, chini ya mlima Hanang, ambako tope liliua watu zaidi ya 80. Mlima unaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ukatembea kwa saa moja.

Mkiwa mnachagua kiwanja, fanyeni hivi. Tembeeni hadi juu yake, mita 100 au 200 kupanda, muone kuna nini. Kama juu kuna shamba lililolimwa kwenye mteremko mkali bila mti, hapo chini si pa kulaza watoto. Tazameni mashina ya miti: yakiwa yamepinda chini na kunyooka juu, udongo unateremka polepole. Tafuteni nyufa za ardhi zinazoukatiza mteremko kwa upana, na mahali ambapo maji hububujika masika tu. Kimbieni bonde, hata kama ndilo lenye udongo laini na njia rahisi. Tafuteni mgongo au bega la mlima, ambako maji hugawanyika kwenda pande mbili. Kisha muulizeni mzee wa kitongoji: mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilipita wapi? Atawaonyesha kwa fimbo.

Mkikata mteremko kupata sawasawa, kateni kidogo. Nyumba yote ikae kwenye ardhi iliyokatwa, si kwenye udongo mliousukumia mbele, kwa sababu udongo wa kujaza hushuka, na msingi uliosimama nusu huku nusu kule hupasuka katikati. Acheni nafasi ya mita 2 kati ya ukuta wa nyuma na gema mlilokata, na pandeni majani ya kushika udongo kwenye gema hilo. Juu ya kiwanja chimbeni mtaro wa kukinga maji, uyapeleke pembeni kwenye majani au mawe, yasimwagikie shamba la jirani. Mtaro huo uchimbwe kabla ya msingi.

Kalenda na ukubwa

Hesabuni kwa kurudi nyuma. Vuli huanza kunyesha Oktoba; bati liwe juu mwishoni mwa Septemba. Kupaua na kuezeka kupewe Agosti na Septemba, kuta Julai, msingi Juni mara tu ardhi inapokauka. Mawe, mchanga na kokoto vikusanywe Mei. Tofali hazimo katika hesabu hii, kwa sababu zinapaswa kuwa tayari: zifyatueni kiangazi kilichotangulia, zipangeni juu ya mawe na kuzifunika kwa nyasi au turubai masika yote. Wanaojenga upande wa mashariki wafunike kila kinachofunikika, hata Julai.

Sasa pimeni nguvu. Wawili wanaolima huku wakijenga, wakiwa na fundi mmoja na saidia fundi mmoja, wanaweza nyumba ya mita 6 kwa 8: vyumba viwili, sebule na kibaraza. Jiko na choo vikae nje kwanza. Msizione mita hizo kuwa chache. Ichoreni nyumba hiyo mkijua itaongezwa upande gani, acheni upande huo bila dirisha la maana, na muache meno ya tofali kwenye kona ili ukuta mpya ushikane na wa zamani. Chumba kimoja chenye bati kinalaza watu, kinatunza mahindi na kinahifadhi saruji ya awamu ya pili. Vyumba vitano bila bati havifanyi hata moja kati ya hayo.

Udongo, tofali na saruji

Mlimani kila kilo ina bei mbili: ya dukani na ya njiani. Gari likiishia barabarani, mfuko wa saruji wa kilo 50 unapanda kichwani au begani, na anayeupandisha analipwa. Kwa hiyo tumieni kwa wingi kilichopo karibu, yaani mawe na udongo, na pandisheni kwa uchache kinachotoka mjini. Magari yanayofuata kabichi na karoti Nyandira, kule Mgeta, mara nyingi hupanda yakiwa na nafasi. Ongeeni na dereva mapema, bei itakuwa tofauti na ya kukodi gari zima.

Tofali la kuchoma limezoeleka, lakini tanuri linakula kuni nyingi mno, na kuni hizo zimeinyoa miteremko ileile ambayo sasa inateleza. Kama mtachoma, chomeni kwa mikaratusi au migrivea mliyopanda wenyewe, msiingie msituni. Njia nyingine, iliyoenezwa nchini na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ni tofali za kufungamana: udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hazichomwi, na kwa kuwa tofali hushikana zenyewe, hamtumii udongo wa kujengea kila kozi. Kikundi au kijiji kinaweza kuwa na mashine moja na kuizungusha.

Si kila udongo unafaa, na kuujua hakuhitaji maabara. Chukueni chupa ya maji ya lita moja isiyo na rangi. Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi, chimbeni chini yake, jazeni chupa nusu, ongezeni maji hadi karibu na shingo na chumvi kidogo. Tikiseni kwa nguvu, wekeni mezani. Mchanga unazama mara moja. Baada yake unatua udongo laini kama unga, na juu kabisa mfinyanzi, ambao unaweza kuchukua hadi kesho yake maji yatakate. Pimeni matabaka kwa rula. Mchanga na changarawe vikiwa theluthi mbili au zaidi, udongo ni mzuri kwa tofali hizi za udongo na saruji. Udongo mwekundu wa Uluguru mara nyingi una mfinyanzi mwingi. Mkiufyatua hivyo hivyo tofali hupasuka zikikauka, basi ongezeni mchanga wa mtoni mpaka chupa ikubali. Tofali zikitoka zikae kivulini, zimwagiliwe kila siku kwa wiki mbili. Jua la siku ya kwanza huziharibu.

Wengi hununua vifaa kidogo kidogo kila wanapopata hela. Desturi hiyo ni nzuri kwa nondo, misumari na mabati. Kwa saruji ni hasara. Saruji hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya mlimani ina unyevu mwingi; mfuko uliokaa miezi kadhaa hugeuka mawe ndani. Nunueni ya kazi ya wiki mbili au tatu, ipangeni juu ya mbao, mbali na ukuta, na ifunikeni kwa nailoni. Ikishafanya madonge yasiyovunjika kwa vidole, msiitie kwenye lenta wala nguzo.

Msingi, ukuta, paa

Nyumba njema si mlango. Chimbeni msingi hadi ardhi ngumu, hata ikibidi kwenda chini kuliko mlivyotarajia. Kwenye mteremko msingi uende kwa ngazi, kila ngazi ikiwa imelala sawasawa kwa pima maji. Msingi unaofuata ulalo wa mlima huteleza nao. Zege la chini liwe ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga na sita za kokoto. La lenta liwe moja kwa mbili kwa nne. Mwagilieni zege siku saba. Wanaojenga haraka huruka hatua hii, na zege lisilonyweshwa halikomai.

Tazameni nyumba yoyote ya udongo baada ya masika. Juu ukuta ni mzima. Chini, usawa wa goti, umelika hadi fito zinaonekana, na udongo umetapakaa kuzunguka nyumba. Mvua haikuupiga ukuta moja kwa moja. Ilidondoka kutoka ukingo wa paa, ikagonga ardhi, ikaruka kurudi ukutani, siku baada ya siku. Dawa zake ni tatu. Pandisheni msingi wa mawe nusu mita juu ya ardhi. Tandikeni nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza, unyevu usipande. Na ukingo wa paa utokeze nje ya ukuta sentimita 60 hadi 90. Hayo matatu yakifanyika, hata ukuta wa tofali mbichi uliopigwa lipu vizuri utadumu. Yasipofanyika, hata tofali la kuchoma litakonda.

Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, ikiwa na nondo ndani, maana ndiyo inayozishika kuta ardhi ikisogea kidogo. Fungeni kenchi kwenye lenta kwa nondo au waya mnene mliouacha ukining'inia wakati wa kumwaga zege. Upepo wa milimani huingia chini ya bati na kulinyanyua. Mbao zichovywe dawa ya mchwa kabla hazijapanda, na zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, kwa sababu mbao za msituni zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa zikiwa njiani, na hela yenu imekwenda. Kwenye bati, kumbukeni kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bati nene lisilo na rangi ni bora kuliko bati jembamba la msauzi linalong'aa.

Maji na choo

Paa hilo likishakaa, linawalipa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba tuliyoitaja, pamoja na kingo zake, lina takriban mita za mraba 70. Kwa kila milimita 1,000 za mvua hapo zinashuka lita 70,000, na mkipoteza hata moja ya tano zinabaki lita 56,000. Wekeni gata na tangi mapema, kwa kuwa maji haya yanapunguza safari za mtoni na pia yanaondoa maji yanayochimba msingi.

Choo kikae chini ya nyumba kimteremko, mbali na chemchemi kwa mita 30 au zaidi, na kamwe kisiwe juu ya chanzo ambacho majirani wa chini wanachota.

Fundi, fedha, na nyinyi wawili

Fundi alipwe kwa hatua: msingi, kozi hadi lenta, kupaua, kuezeka. Kiasi cha kila hatua kiandikwe mwanzoni, na kila malipo yasainiwe. Msimpe hela ya hatua ambayo hajaifikia, hata akiwa shemeji. Kabla ya kumlipa, pitieni kazi wote wawili na timazi na pima maji mkononi. Vifaa hivi ni bei nafuu, nunueni vya kwenu.

Wekeni daftari moja, na kila shilingi iandikwe humo: saruji, nauli, chakula cha vibarua. Mkopo wa VICOBA uchukuliwe kwa hatua inayojulikana, marejesho yake yakiangukia miezi ya mavuno. Mkopo unaodaiwa Februari, ghalani hakuna kitu, huuza mabati ambayo hayajapigwa.

Na jasho la kila mmoja lihesabiwe. Maji ya kuchanganyia zege yaliyopanda kichwani kwa mama, uji wa vibarua, shamba lililolimwa mume akiwa darini, vyote vimo ndani ya ukuta huo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Msingoje mahakama iwaambie. Iandikeni tangu siku ya kwanza, mume asione mkewe ni msaidizi wa ujenzi wake, wala mke asione nyumba ni ya mume. Wanandoa wanaoamua pamoja ukubwa wa nyumba ndio wanaoweza pia kuamua pamoja kusimama na kusema: mwaka huu tunaishia hapa, tunaezeka.

Kama mmepanga kujenga kiangazi kijacho, msianze kwa kuulizia bei ya tofali. Wiki hii nendeni wote wawili kwa mjomba, kisha ofisi ya kijiji, mkaulize utaratibu wa hati yenye majina mawili. Masika ikinyesha, vaeni mabuti mkasimame kwenye kiwanja chenu mvua ikiwa kali, muone maji yanapita wapi. Mkishayajua hayo mawili, chukueni kalamu mchore nyumba, na mkimaliza kuichora, punguzeni chumba kimoja.